Nilivyoutembelea Ukumbi wa Tamthilia wa Drottningholm

Nimeishi Stockholm, Sweden, kwa miaka kadhaa bila kufika Drottningholm, hadi Agosti iliyopita nilipompeleka shangazi yangu, aliyekuja kunitembelea kutoka Tanga. Tulipanda boti, tukapita Ziwa Mälaren hadi kisiwa cha Lovön, ambako ukumbi huu umesimama kando ya kasri la kifalme tangu 1766.

Kwa nje hauna makuu. Ndani, nguzo unazozidhania kuwa za marumaru ni mbao na plasta iliyopakwa rangi kwa ustadi, na mapambo mengi yametengenezwa kwa karatasi iliyorojwa, kwa kuwa Malkia Lovisa Ulrika hakumpa mbunifu wake, Carl Fredrik Adelcrantz, fedha nyingi. Nilisogea karibu kabisa na nguzo moja ndipo nikaona alama za brashi.

Mwanawe malkia, Mfalme Gustav III, aliyeupenda mno ukumbi huu, alipigwa risasi mwaka 1792 akafariki, na baada yake ukasahauliwa. Mwaka 1921 mtafiti Agne Beijer aliingia kutafuta mchoro, akakuta mitambo ya jukwaani na mandhari zake zikiwa palepale chini ya vumbi. Naamini kusahauliwa huko ndiko kulikouokoa, maana hakuna aliyepata sababu ya kuubomoa wala kuufanya wa kisasa.

Mitambo hiyo ndiyo iliyonigusa zaidi. Mawimbi ya bahari ni magogo marefu yaliyochongwa kwa kujipinda, ambayo yakizungushwa huonekana kama maji yanayopanda na kushuka, na ngurumo hutoka kwenye kasha la mbao lenye mawe linaloinamishwa juu ya dari. Mandhari nzima hubadilika kwa sekunde chache mbele ya watazamaji, kwa nguvu za watu wanaozungusha mtambo mmoja wa kamba chini ya jukwaa. Shangazi, ambaye marehemu mumewe alikuwa nahodha wa jahazi, alizitazama kamba na roda zile kwa muda mrefu, akaniambia kwamba fundi wake lazima alijua mambo ya tanga.

Mgeni huingia pamoja na mwongozaji tu, kwa hiyo ni vyema kuulizia nafasi mapema, na achukue sweta hata wakati wa kiangazi, kwa sababu jengo halina vipasha joto. Mimi ningetamani tungekaa saa nzima zaidi, hasa pale karibu na jukwaa, ambapo taa hafifu zinazoiga mishumaa huzifanya zile nguzo za mbao zirudi kuwa marumaru.