Chati ya ndege wa miguu ya rangi: iangalie juani kabla ya kulipa

Chati hii ya ukutani, ukubwa wa A1, inauzwa shilingi 18,000 ikiwa imeshapigwa laminesheni kwenye duka moja la vifaa vya shule karibu na Soko la Majengo, Dodoma. Ina ndege sita, na maelezo yote yako kwa Kiswahili. Herufi zinasomeka mpaka dawati la nyuma. Kwa mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi hilo si jambo dogo, maana chati nyingi za ndege zilizopo madukani ni za Kiingereza. Kasoro yake kubwa iko palepale penye jina lake: miguuni.

Ndege wa katikati ni sula wa miguu ya bluu (Sula nebouxii), anayeishi pwani ya Pasifiki kuanzia Meksiko hadi Peru, na karibu nusu ya jozi zake hutaga visiwa vya Galapagos. Mchoraji amempaka bluu nzito kama ya sweta la shule. Sula aliyeshiba hana bluu hiyo. Yake imechanganyika na ukijani. Bluu yenyewe inatokana na jinsi nyuzi za kolajeni zilivyojipanga kwenye ngozi na kuakisi mwanga, halafu manjano ya karotenoidi, jamii ya ile rangi iliyomo kwenye karoti, huongezeka juu yake. Karotenoidi hizo ndege huzipata kwenye samaki anaowala. Dume akikosa chakula kwa saa 48 tu, miguu inapoteza ule ukijani na mng'ao wake, na jike anaona. Watafiti walipowapaka madume miguuni bluu isiyong'aa baada ya yai la kwanza, majike walitaga yai la pili likiwa dogo kuliko kawaida. Kwa hiyo hapa amechorwa dume aliyelala njaa, na chini yake pameandikwa "dume akimvutia jike". Jike gani huyo?

Rangi hutofautiana kati ya nakala na nakala, hivyo usichukue ya juu kwenye rundo. Omba tatu, zitoe nje ya mlango zipigwe na mwanga wa mchana (taa za dukani zinadanganya), kisha chagua ile ambayo bluu yake inaelekea kijani.

Mengine yamechorwa kwa uangalifu. Vidole vyote vinne vimeunganishwa na utando, hata kile cha nyuma ambacho kwa bata kiko peke yake. Jike ana mboni inayoonekana kubwa kuliko ya dume, sawa kabisa. Kuatamia pia kumeonyeshwa vizuri: sula hana kile kipara cha tumboni cha kupashia mayai joto, hivyo huyafunika kwa miguu kwa siku 41 hadi 45. Lakini kwenye mdomo pamechorwa matundu ya pua. Sula hana matundu ya nje, yamezibika, na hupumua kupitia pembe za mdomo. Ndege anayejitupa baharini kutoka mita 30, yaani kama jengo la ghorofa 10, matundu wazi yangemjaza maji kichwani. Kinda naye amepewa miguu ya bluu, wakati ya kinda huwa imepauka. Sula wa miguu myekundu (Sula sula) amewekwa juu ya kiota cha chini, ilhali yeye hujenga mitini na vichakani. Na huyo wa sita mwenye miguu ya rangi ya chungwa ni ndege wa Atlantiki ya Kaskazini, hana habari na bahari ya joto. Bandika karatasi juu yake.

Sasa jua. Laminesheni ya kawaida inazuia maji na vidole, haizuii miale ya jua. Kwenye karatasi zilizochapwa hivi, wino mwekundu na wa manjano ndio hutangulia kufa, wa bluu hubaki. Ukiitundika panapopigwa na jua la dirishani, baada ya miezi kadhaa sula wa miguu myekundu atakuwa amepauka miguu, na chati nzima itaelekea bluu. Tundika kwenye ukuta uleule wenye madirisha, katikati ya dirisha na dirisha, ambako jua halifiki moja kwa moja.

Usitumie selotepu. Vumbi la kiangazi linaingia kwenye gundi, na upepo ukipita darasani chati iko chini. Chukua fito mbili za mbao za sentimita 62 (chati ina upana wa sentimita 59.4), moja juu na moja chini, zibane kwa pini za kiti, kamba katikati, msumari mmoja wa zege. Kabla ya kulipa kagua pia kingo: plastiki izidi karatasi kwa milimita 5 kila upande. Nakala zilizokatwa sawasawa na karatasi hufunguka pembeni zikifutwa kwa kitambaa chenye maji, karatasi inalowa na wino unatoa madoa.

Ramani iliyo chini ni ndogo mno, na imesahau Bahari ya Hindi nzima. Sula wa miguu myekundu anazaliana Aldabra, visiwa vya Shelisheli, na sula mwingine, mwenye uso mweusi kama barakoa, anataga kwenye Fungu Kizimkazi, kusini mashariki mwa Unguja. Hakuna pia neno lolote juu ya ndege anaoweza kuwaona mtoto wa Dodoma. Heroe wa ziwa Singida na Kindai wanapata wekundu wao kwa karotenoidi hizohizo. Na kandokando ya bwawa la Hombolo, yangeyange mdogo anayevua samaki akiinua mguu wake mweusi kutoka matopeni, vidole vinatoka vya manjano.