Maoni yangu kuhusu kozi ya mtandaoni ya kujiandaa na unesi (nyota tatu na nusu)

Wadau, kwa wale wanaouliza kila siku kama hii kozi ya mtandaoni ya kujiandaa na unesi inafaa au ni kula hela za watu tu, mimi nimeimaliza yote mpaka cheti. Jina la waendeshaji sitalitaja maana kuna sehemu nitawasema, ila ukiona tangazo la "kuwa nesi ukiwa nyumbani" jua tunaongelea kitu kilekile, nyingi zimekaa mulemule. Naipa nyota tatu na nusu, zingekuwa nne kama sio hilo tangazo.

Manake hakuna anayekuwa nesi akiwa nyumbani, hapo tuelewane mapema. Anayekufanya uitwe nesi ni baraza la wauguzi la nchi unakotaka kufanya kazi, sio cheti cha mtandaoni hata kiwe na mihuri mitano, na baraza likishika faili lako linauliza umesoma chuo gani, chuo kinatambulika? na masaa yako ya wodini umefanyia wapi na nani kasaini? Kwa Ulaya mfano, Umoja wao umeweka sheria kwamba muuguzi wa kawaida awe amesoma si chini ya miaka mitatu na masaa 4,600, na angalau nusu ya hayo masaa awe kwa wagonjwa kabisa, sasa niambie masaa 2,300 ya kugeuza wagonjwa kitandani unayafanyaje kwenye simu. Waendeshaji wenyewe wanalijua hili, wameliandika, ila kwa herufi ndogo kule chini kabisa ya ukurasa wa malipo ambako hakuna mtu anafika, wameandika kwamba kozi "haimpi mhitimu haki ya kusajiliwa". Hiyo sentensi ilitakiwa ikae juu kabisa.

Haya, sasa mazuri, na mazuri yapo mengi tu.

Hesabu za dawa nawavulia kofia. Mwalimu ni nesi wa muda mrefu na inaonekana, hakimbizi mambo. Anachukua dripu ya lita moja inayotakiwa iishe kwa masaa 8, seti yake (ule mpira wa kupitishia maji ya dripu) inatoa matone 20 kwa kila mililita, anaandika ubaoni 1000 mara 20 gawa kwa dakika 480, unapata 41.7, anasema haya hakuna tone na nusu kwa hiyo weka 42, afu hapo hapo anasogeza kamera kwenye kile kichupa cha matone, anashika saa, anaanza kuzungusha kale kagurudumu taratibu mpaka idadi ikae. Kisha anabadilisha seti, anachukua ile ndogo ya matone 60 kwa mililita na kukuonyesha kwamba ukiwa nayo hiyo, matone kwa dakika ni sawasawa na mililita kwa saa, yaani dripu ileile inakwenda mililita 125 kwa saa na matone 125 kwa dakika, hesabu imeisha. Kuna watu wanamaliza chuo wanaikariri kanuni bila kujua kwa nini inakuwa hivyo. Na kila ukikosea zoezi haikupi jibu, inakurudisha hatua uliyoteleza, mara nyingi ni kusahau kugeuza masaa kuwa dakika.

Vipimo vya mwanzo pia wamevifundisha vizuri, joto, mapigo, presha, upumuaji. Hapo kwenye upumuaji kuna kitu nilikipenda sana, wanakwambia hesabu dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha mara mbili kama upumuaji haueleweki, na usimwambie mgonjwa unahesabu pumzi zake maana akishajua tu anabadilisha anavyohema, we endelea kushika mkono wake kama bado unasikiliza mapigo huku jicho liko kifuani. Mtu mzima aliyetulia ni 12 mpaka 20. Hicho ni kitu cha mtu aliyekaa wodini, sio cha kunakili kwenye kitabu.

Sehemu ya njia za kufikia kazi yenyewe iko sawa ila imepita haraka. Wanaeleza ngazi, kuna wasaidizi wa wauguzi, kuna cheti, diploma, digrii, afu huko juu ubobezi. Mfano wao ni wa Marekani ambako mwenye shahada ile fupi ya miaka miwili hivi na mwenye digrii ya miaka minne wote wanafanya mtihani uleule wa leseni ya unesi, unaitwa NCLEX-RN, na leseni ni ileile, tofauti inakuja baadae kwenye vyeo na hospitali zinazotaka digrii tu. Mtihani wenyewe wameuelezea vizuri, kompyuta inakuchagulia swali linalofuata kutokana na ulivyojibu lililopita, maswali yanaanzia 85 mpaka 150, muda ni masaa 5, kwa hiyo kompyuta ikikuzimia mtihani kwenye swali la 85 usishangilie wala usilie, inaweza kuwa umefaulu au umefeli vilevile. Ila kwa mtu mwenye cheti anayetaka kupanda diploma au digrii, swali la moyoni ni kama masomo yake ya mwanzo yatahesabiwa au ataanza tena mwaka wa kwanza na watoto waliotoka shule juzi, na hapo kozi imekaa kimya kabisa. Hilo uliza chuo unachokwenda, kwa maandishi, kabla hujaacha kazi.

Kitu kingine, wanakufungulia kozi kwa takwimu ya Shirika la Afya Duniani kwamba dunia ina upungufu wa manesi milioni 5.8, ambayo ni kweli, ripoti ya 2025 inasema hivyo. Lakini wanaitumia kana kwamba ukimaliza tu kuna mtu kakusubiri mlangoni na mkataba. Upungufu ni wa wagonjwa kukosa wauguzi, ajira ni bajeti ya anayeajiri, na kuna sehemu vyote viwili vipo kwa pamoja, wodi moja nesi mmoja anahudumia watu kibao na nje kuna manesi wenye leseni wamekaa. Wangesema tu hivyo mtu ajipange.

Mada ya ubobezi nimeifurahia kidogo, wamegusa ukunga, ganzi, chumba cha wagonjwa mahututi, afya ya akili, afya ya jamii, na wamemtaja Loretta Ford ambaye mwaka 1965 yeye na daktari Henry Silver walianzisha kule Colorado programu ya kwanza ya kumfundisha nesi apime mgonjwa na kutibu mwenyewe, kazi ambayo leo nchi kadhaa zinayo. Ila afya ya akili wameipa video moja fupi, hata hujakaa vizuri imeisha. Mtu anayefikiria kwenda huko hatapata kitu.

Mabaya mengine: kuweka kanyula (kale kamrija ka kuingiza dripu kwenye mshipa) wameonyesha kwenye sanamu la mkono wa plastiki lenye mshipa mnene kama kamba, mkono wa hivyo hutaukuta kwa mzee aliyepungukiwa maji. Kwizi za mwisho zinarudia maswali yaleyale, mtu anaweza kuyakariri akapata 100. Na huduma kwa wateja wanajibu, ila ukiuliza swali la leseni wanakutumia tena lile tangazo.

Nani ailipie basi? Aliyemaliza sekondari na anajiuliza kama unesi unamfaa kabla hajajifunga miaka mitatu, huyo ndio kozi yake. Msaidizi wa wauguzi anayetaka kuzoea hesabu kabla ya kuingia diploma, naye haitampotea. Mwenye leseni tayari asihangaike nayo, na anayetafuta njia ya mkato ya kupata leseni ndo kabisa.

Mkiamua kujiunga, andikeni majina kama yalivyo kwenye vyeti vyenu vya shule siku ileile ya kujisajili, maana cheti kinatoka chenyewe kwa PDF na kurekebisha jina baada ya hapo wanakuzungusha, unatumiwa kutoka mtu huyu kwenda mtu yule na kila mmoja anaomba kitambulisho upya.