Nyumba njema si mlango: maiki tatu za zamani za kupigia harmonika

Nina viganja vidogo. Nalitanguliza hilo kwa sababu karibu kila nitakachosema hapa kimetokana nalo, na mwenye mikono mikubwa ana haki ya kunibishia kuanzia aya ya pili.

Kwa miaka minne nimekuwa nikipiga harmonika ya matundu 10 kupitia amplifaya ndogo ya valvu. Katika muda huo nimenunua maiki tatu za zamani: Astatic JT-30, Shure 520 ambayo wengi wanaijua kwa jina la Green Bullet, na Shure 545. Moja niliinunua ikiwa imekufa bila kujua. Nyingine nilikuja kuichinja mwenyewe.

Maiki zenye umbo la risasi, yaani hizo mbili za kwanza, hazikutengenezewa wapiga harmonika. Zilikuwa za matangazo na za redio za mawasiliano, kazi ambayo maneno yakisikika yanatosha. Hata 520DX, mrithi wa Green Bullet, masafa yake ni hezi 100 hadi 5,000 tu. Kwa mwimbaji hicho ni kilema. Kwa harmonika ni dawa. Ule ukali wa juu unaokwaruza masikio unabaki nje, na ukibana harmonika na maiki pamoja ndani ya viganja bila kuacha upenyo, sauti inajaa, inakuwa nene, inaanza kupasuka. Ndivyo Little Walter, gwiji wa harmonika ya bluzi, na wenzake wa Chicago walivyopiga mwanzoni mwa miaka ya 1950, hadi harmonika ikasikika kama saksofoni. Neno ni hilo hilo: bila upenyo. Kidole kimoja kikilegea, unene wote unavuja na unabaki na kelele nyembamba.

Ndiyo maana JT-30 ilinivutia kwanza. Ni nyepesi, imechongoka kuelekea mkiani, na vidole vyangu vidogo viwili vya mwisho vinakutana chini yake bila kujikaza. Niliona picha zake kwa muuzaji mmoja wa vitu vya zamani: kromu inang'aa, hakuna mbonyeo, na maelezo mafupi kwamba inafanya kazi. Hakusema uongo. Ilifika, nikaichomeka, na sauti ikatoka. Lakini ilikuwa sauti ya mtu anayezungumza chini ya blanketi katika chumba cha tatu. Nikaongeza sauti ya amplifaya. Kilichoongezeka ni mvumo.

Nilipoifungua ndipo nilipoanza kujifunza, na somo lenyewe ningelipenda kulipata kabla ya kulipa. Maiki ya aina hii ni vitu viwili: ganda, na elementi iliyo ndani, ambayo ndiyo inayogeuza sauti kuwa umeme. Elementi ya asili ya JT-30 ni kristali, na kristali hiyo ni chumvi ya Rochelle. Ni chumvi kwelikweli. Inaharibika kwa unyevu, na ikifika nyuzi joto 55 hivi inaanza kupoteza maji yake, kwa hiyo gari lililofungwa juani linaweza kuiua kwa mchana mmoja. Sasa fikiria kazi tunayoipa: tunaipulizia pumzi yenye unyevu kwa karibu, usiku baada ya usiku. Kristali ikiwa nzima, ina nguvu, ina ukali mtamu wa kuuma ambao aina nyingine haziufikii, na ninawaelewa wanaoiabudu. Lakini ile ya miaka ya 1950 iliyo hai hadi leo ni bahati, na bahati haionekani kwenye picha. Kipima ohm hakikusaidii pia, kwani kristali nzima na iliyokufa zote hazitaonyesha kitu. Itabidi uisikie.

Na ukiisikia, uisikie kwenye tundu sahihi. Kristali inadai impidansi kubwa mbele yake, yaani amplifaya yenye ukinzani mkubwa pale maiki inapochomekwa: megaohm 5 ndiyo starehe yake, megaohm 1 ya amplifaya nyingi za valvu inavumilika. Ukiichomeka kwenye mikisa ya kawaida, besi yote inatoweka, na utaihukumu maiki nzima kuwa mbovu. (Nami nilifanya hivyo, nikaandika malalamiko marefu, kisha nikayafuta. Ile yangu ilikuwa mbovu popote, lakini hukumu yangu ya kwanza haikuwa ya haki.)

Shure 520 niliinunua kwa hasira, nikitaka kitu kisichokufa. Ilianza kutoka mwaka 1949, na ndani yake hakuna chumvi. Kuna sumaku, koili na kiwambo. Elementi hizo za Shure wapigaji wanaziita CR (controlled reluctance), na zile zilizofuata baadaye CM (controlled magnetic). Safari hii nilimwomba muuzaji apime kwa mita kabla sijalipa. Ikasoma karibu ohm 1,000, ambayo kwa CR ni dalili njema: koili haijakatika. Niliipenda sauti yake siku ya kwanza. Ni nzito, ina giza la kupendeza katikati, na ukiibana vizuri noti za chini zinanguruma bila kutapakaa. Kwa sikio langu CR inaishinda CM kwa utajiri, ingawa tofauti si kubwa kama wauzaji wanavyoitoza.

Tatizo ni umbo. Ganda la 520 ni mviringo, pana na zito. Kwa wimbo mmoja ni raha. Kufikia wa nne kidole gumba kinauma, kiganja kinafunguka, na unene ninaoulipia unavuja kwenye kidole kidogo cha kushoto, pale pale kila mara. Nilijaribu ukanda wa mpira. Nilijaribu kubadili mkono. Mwisho nikachukua bisibisi.

Nikaitoa CR kwenye 520 na kuihamishia kwenye ganda la JT-30. Haikai yenyewe, inahitaji gasketi ya mpira inayoishika pande zote, kwa sababu ikicheza au ikiacha mwanya, sauti inavuja kwa ndani na maiki inapiga mluzi mapema, ule wa sauti ya spika kuirudia maiki. Nilikata gasketi tatu kabla ya kupata moja inayokaza. Nikabadilisha na waya, kwani mpira wa ule wa zamani ulikuwa unakatika kama biskuti. Wakusanyaji watanilaani, na kwa 520 isiyo na mkwaruzo nami ningejilaani. Lakini hiyo ndiyo maiki ninayoipiga leo: wepesi wa Astatic, kifua cha Shure.

Jambo moja sikulifanya: kutoboa ganda ili kuweka kinobu cha sauti. Kinobu mkononi ni msaada mkubwa, maana mluzi ukianza unaupunguza papo hapo bila kukimbilia amplifaya. Ila kuna vinobu vidogo vinavyokaa kwenye kichwa cha waya, vinafanya kazi hiyo hiyo, na ganda la miaka 70 linabaki zima.

Kuhusu 545 sina mengi. Ni ya mwaka 1959, nyembamba, ya kushika kama ya mwimbaji, na Paul Butterfield, mpiga harmonika wa bluzi, aliipa heshima kwenye ala hiyo. Kwa viganja vidogo hakuna iliyo rahisi kuliko hiyo. Sauti yake ni safi zaidi, inapasuka ukiisukuma tu, na ukifungua mikono unaweza kuiimbia, jambo ambalo hutalithubutu na zile nyingine. Hakikisha imeunganishwa kwa impidansi ya juu, la sivyo utahitaji transfoma. Na jua kwamba ukiibana unaziba matundu ya pembeni yanayoisaidia kukataa sauti za nyuma, hivyo mluzi utakuja upesi kuliko ulivyotarajia. Mwanafunzi akiniuliza aanze na ipi, namwambia hii, ingawa mimi siichukui jukwaani.

Ukiwa unanunua ya risasi, omba picha ya ndani kabla ya picha ya nje. Muuzaji akikataa kufungua, lipa bei ya ganda tupu au uache. Kisha kamata kitu chochote chenye ukubwa wake, hata kopo, pamoja na harmonika yako, ukae hivyo dakika ishirini.

Lile ganda la 520 halikubaki tupu. Nililitia elementi ya kauri, ambayo haina nguvu ya kristali lakini haiogopi unyevu, nikampa kaka yangu mwenye viganja kama sinia. Anasema ni maiki bora kuliko yangu, na akiishika yeye, kusema kweli, haivuji hata kidogo.