Hawa wahudumu wapya wa mashine na mifumo ya shule hapa Tanga, mi nimewakubali

Mi ni mwalimu wa taaluma shule ya msingi huku Pongwe, na hii ofisi ya Ngamiani inayotuhudumia mashine na mifumo nilikua nishaikatia tamaa, unapiga simu Jumatatu mtu anakuja Ijumaa tena mkononi hana hata bisibisi. Sasa mwezi huu wameleta watu wapya wawili na kilichonifurahisha wamekuja nao mpaka shuleni, wakakaa stafu na walimu, kila mtu akasema anashughulika na nini na namba yake akaiandika ubaoni.

Kijana ni wa mashine. Riso yetu, ile mashine ya kurudufu mitihani, ilikua inatoa karatasi zina mstari mweusi katikati, mtihani hausomeki, akaifungua, akafuta wino ulioganda kwenye rola kwa kitambaa taratiibu, akatuambia karatasi zilizokaa kwenye unyevu wa bahari tusiziweke, tuzianike kwanza. Jamani miaka yote hamna alotuambia hilo!

Dada ndo wa mifumo, PReM, ule mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi, anaijua haswa. Tulikua na mtoto kahamia toka Muheza, kwetu anasoma ila kwenye mfumo bado yuko kule, na la saba ndo hiyo inakuja Septemba, mama yake halali. Dada akampigia mwalimu mkuu wa kule palepale, "shikamoo mwalimu, naomba tumalizie uhamisho wa mtoto wetu", kesho yake jina likasoma kwetu.

Bei haijapanda. Ila Jumamosi bado hawapokei simu, hapo warekebishe.