Uzoefu wangu na nvm: kuweka toleo la msingi la Node

Natengeneza tovuti za kampuni za utalii hapa Arusha, na karibu kila siku nagusa matoleo mawili ya Node, programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari. Kuna mteja wa Moshi, anapandisha wageni Kilimanjaro, ambaye mfumo wake wa kuweka nafasi umejengwa kwa node-sass (kifurushi cha kutengeneza CSS) ya zamani inayogoma ukipita Node 16. Kazi mpya zote nazifanyia Node 22. Kabla ya nvm, programu ya kusakinisha na kubadilisha matoleo ya Node, ilibidi nitoe toleo moja nisakinishe jingine, na bando likateketea hivyohivyo.

nvm inakaa kwenye folda yako ya nyumbani, haikuombi sudo (ruhusa ya msimamizi wa mashine), na matoleo yote yanaishi pamoja bila kugombana. Kwenye kusakinisha sina la kulalamikia.

Panapochanganya wengi ni toleo la msingi. Amri ya nvm use 22 inabadilisha terminali (dirisha la kuandikia amri) ile uliyoifungua tu. Umeme ukikatika, ukawasha mashine upya na kuandika node -v, unajibiwa v16.20.2. Programu haijaharibika. nvm hulishika toleo la kwanza ulilosakinisha kuwa ndilo la msingi, na haliachii mpaka uiambie:

nvm alias default 22

Fungua terminali mpya, utaona 22. Na ukiandika 22 tupu, bila tarakimu zinazofuata, itachukua 22 iliyo mpya kuliko zote ulizonazo.

Mimi nasisitiza toleo la msingi liwe lile ambalo bado linahudumiwa. Node 16 iliacha kupata marekebisho ya usalama Septemba 2023, kwa hiyo nimeifungia kwenye folda ya mradi wa Moshi: faili la .nvmrc lenye namba 16, nikiingia humo naandika nvm use, basi. Haibadilishi yenyewe, lazima uandike.

Kasoro zipo. Terminali inachelewa kidogo kufunguka, na vifurushi ulivyosakinisha kwa -g (vya kutumika nje ya mradi mmoja) havikufuati kwenye toleo jipya. Ongeza --reinstall-packages-from=16 wakati wa kusakinisha toleo hilo, vitakuja.

Kwa Linux na Mac naipendekeza kwa moyo mmoja. Mwenye Windows ajue kuwa nvm-windows ni programu nyingine kabisa: kule nvm use inabadilisha mashine nzima, hata madirisha mengine uliyoyafungua.