Siku tano za kuchunguza lafudhi: nilimpeleka mwanangu, nikachunguzwa mimi

Shilingi 4,500 kwa siku tano, saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, chai na mahamri humo humo. Ndiyo bei niliyolipa likizo ya Desemba ili mwanangu wa miaka 15 aingie mafunzo ya "utafiti wa lugha kwa vijana", ghorofani juu ya duka moja hapa Ganjoni, Mombasa. Walioyaandaa sitawataja, maana nina ugomvi nao kidogo huko mbele. Naandika kwa ajili ya mzazi mwenzangu anayejiuliza kama pesa hiyo itaingia mahali pake.

Sababu niliyomwambia mke wangu ni isimujamii, yaani somo la lugha inavyotumika katika jamii. Karatasi ya Pili ya Kiswahili kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, ina alama 10 za isimujamii, na mtoto wetu huziacha mezani kila mtihani. Sababu ya kweli ni kwamba alikuwa ameanza kumcheka bibi yake. Bibi akisema "mtele" badala ya "mchele", yeye anarudia "mtele" kwa kuivuta, na wenzake kibarazani wanaanguka kwa kicheko.

Siku ya kwanza mkufunzi, dada mmoja wa Kisauni, aliandika ubaoni ule mzaha wetu wa zamani: Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania Bara, kikaugua Kenya, kikafia Uganda, kikazikwa Kongo. Watoto wakacheka. Akawauliza: aliyeutunga anaishi wapi? Mnadhani Mkongo anaucheka hivi hivi? (Sisi wa Mvita tuna swali letu pia: kilipokuwa kinazaliwa huko, babu zetu walikuwa wakisema nini, Kireno?) Kisha akawapa kazi ya nyumbani: kila mtu amsikilize mzazi wake kwenye simu kwa saa moja na kuandika yanayobadilika.

Mimi kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini, simu haikauki. Sikujua kama kuna mtu ananiandika. Daftari lake nililiona usiku: "Baba akiongea na mteja wa Nairobi: anakuja sasa hivi. Akiongea na mama: yuwaja sasa hivi. Kwa mteja: njoo ofisini. Kwangu: ndoo hapa. Kwa mteja sauti inapanda, na anasema 'kwa hakika'. Nyumbani hajasema 'kwa hakika' hata siku moja." Nililifunga nikalirudisha palepale. Miaka ishirini nabadilisha ulimi kama mtu anayevua kofia msikitini, na sikuwahi kujisikia.

Siku ya pili walitazama vichekesho vya runinga, wakijaza jedwali: mhusika ni nani, anafanya kazi gani, anatamka vipi. Mlinzi wa geti, mpishi, mshamba aliyeshuka basi leo, wote wana lafudhi nzito ya bara. Daktari na bosi hawana lafudhi, au tuseme wana ile ambayo tumezoea kusema si lafudhi. Kijana mmoja aliyekuja likizo kutoka Nairobi, ambaye Sheng yake ilikuwa imechekwa tangu asubuhi, ndiye aliyeiona hiyo mapema kuliko wote.

Siku ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike haya. Mkufunzi alikuwa ameisoma aya moja mara mbili kwenye simu, tangazo la maji kukatika Jumamosi. Mara ya kwanza kwa Kiswahili cha taarifa ya habari, mara ya pili kama anavyoongea na mamake. Katikati akaweka sauti ya mtu mwingine ili msikilizaji asigundue. Vijana wakatumwa nyumbani na sauti hizo pamoja na maswali ya kupewa alama 1 hadi 5: mtu huyu amesoma? Anasema kweli? Ungemwajiri benki? Ungemwachia mtoto wako mchanga?

Mwanangu akaanza na bibi yake. Bibi alikuwa amekaa mkekani anachambua mtele wake, simu imewekwa juu ya ungo. Akasikiliza zote tatu, mato ameyafumba.

"Huyu wa kwanza amesoma. Mpe kazi," akasema. "Huyu wa mwisho ni mtu wa nyumbani tu. Hakusoma."

"Lakini bibi, huyo wa mwisho asema kama wewe."

"Ndiyo maana najua."

Mtoto hakuandika alama. Alibaki na kalamu mkononi. Baadaye akamwambia kwamba wa kwanza na wa mwisho ni mtu mmoja, na bibi akasema "Mwongo!" akataka irudiwe, ikarudiwa mara tatu. Kisha akabadilisha jibu moja tu: huyo wa mwisho ndiye angemwachia mtoto. Kazi ya benki akaiacha kwa yule wa kwanza, na hata sasa ukimuuliza hajashuka hapo.

Kesho yake mkufunzi aliwaeleza kwamba mbinu hiyo si yake. Ilitumiwa Montreal, Kanada, na mwanasaikolojia Wallace Lambert na wenzake, wakaitangaza mwaka 1960: watu wale wale wanasoma kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, wasikilizaji wanadhani ni watu tofauti. Wanaosema Kiingereza waliipendelea sauti ya Kiingereza, hiyo haishangazi. La kushangaza ni kwamba wanaosema Kifaransa nao waliipendelea. Mwanangu alirudi nyumbani akaniambia, "Baba, bibi yuko Kanada."

Sasa ugomvi wangu. Kwanza, karatasi za mazoezi zililetwa kutoka Marekani kama zilivyo. Watoto wa Mombasa wakapewa ramani ya Marekani wapake rangi mahali ambapo watu "wanasema vizuri" na "vibaya". Zoezi lenyewe ni zuri, mwanaisimu Dennis Preston amelifanyia kazi miaka mingi huko kwao, lakini mtoto wa Likoni atajuaje mtu wa Texas anavyotamka? Mkufunzi ilibidi achore pwani kwa mkono kwenye karatasi ya manila, kutoka Barawa hadi Kilwa, na hapo ndipo kazi ilipochangamka. Wengi walipaka Unguja kijani. Mtoto mmoja wa Kibokoni alipaka nyumbani kwao nyekundu.

Hapo ndipo ningetaka wasimame. Mkutano wa 1928 ulioamua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika hapa hapa Mombasa, kwenye mji wenye lahaja yake ya Kimvita, mji wa mshairi Muyaka. Jambo hilo lilipewa dakika kumi, halafu chai.

Pili, waliwatuma watoto Marikiti kurekodi wauzaji bila kuwaambia waombe ruhusa. Muuza viungo mmoja aliwafukuza, na alikuwa na haki. Kumficha msikilizaji kwamba sauti mbili ni za mtu mmoja, kisha kumwambia baadaye, hilo walifundishwa vizuri. Kuchukua sauti ya mtu kwa kuvizia ni jambo jingine, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019. Nilipowapigia simu walikiri, wakafuta rekodi zile mbele ya wazazi wawili.

Tatu, ile sherehe ya kufunga. Wazazi tumeketi, bibi ameshonewa buibui jipya, vijana wanasimama mmoja mmoja kueleza walivyogundua kwamba tunawadharau watu kwa matamshi yao. Wote kwa Kiingereza. Slaidi kwa Kiingereza, cheti kwa Kiingereza. Nilimfasiria bibi kwa kumnong'oneza sikioni utafiti ambao yeye mwenyewe ndiye aliyechunguzwa.

Nilimuuliza mwandalizi kwa nini. Akajibu kwa Kiswahili safi sana kwamba wafadhili wangependa hivyo.

Nimeshamlipia binti wa dada yangu nafasi ya Aprili. Wameahidi ramani ya pwani imechapishwa na fomu ya ruhusa ipo. Kuhusu Kiingereza wamesema "tutaona". Mpe mtoto vispika vya masikioni, kwa sababu chini ya jengo kuna fundi wa kuchomelea vyuma na kuanzia saa nne hakusikiki kitu.