Lamineti ya milimita 8, AC4, juu ya sakafu ya saruji: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano. Ni mbao za lamineti, yaani za unga wa mbao ulioshindiliwa na kubandikwa picha ya mti juu, unene milimita 8, daraja la AC4 (kipimo cha kuhimili mikwaruzo), zimetandikwa sebuleni kwenye nyumba ya chini Dar es Salaam, juu ya niru, yaani saruji iliyolainishwa. Nyota moja nimeikata kwa sababu picha ya mti inajirudia: ukichukua mbao kutoka boksi moja tu, fundo lilelile linakaa karibu na pacha wake. Dawa yake ni kufungua maboksi matatu kwa pamoja na kuchanganya, mradi yote yawe na namba ileile ya toleo.

Mwenye hela ya kupima hupotea akinunua unene. Muuzaji atakutolea ya milimita 12 na kukwambia ndiyo imara. Kweli, unene hupunguza kelele za nyayo na huvumilia kidogo mabonde ya sakafu, lakini kuhusu mikwaruzo hausemi kitu. Mikwaruzo huzuiwa na tabaka la juu, nalo hupimwa kwa AC. AC3 inatosha chumba cha kulala. Sebule inayoingia mchanga kwa viatu inataka AC4, ambayo kwenye boksi huandikwa pia daraja la matumizi 32. AC5 waachie wenye maduka. Kati ya AC3 nene na AC4 nyembamba kwa bei ileile, nachukua nyembamba bila kufikiri mara mbili, ila chini ya milimita 7 sishuki, maana kufuli za pembeni, zile ncha zinazoshikanisha ubao na ubao, huwa dhaifu.

Kabla ya kulipa, omba kipande. Kipime unene, kizamishe kwenye maji saa 24, kipime tena pembeni. Cha milimita 8 kikifika 9.5, kiache dukani. Wala usidanganywe na kiini cha kijani, ile sehemu ya katikati ya ubao; ile ni rangi tu, haizuii maji. Kisha unganisha mbao mbili: ziingie kwa mkono, na ukipitisha ukucha kwenye kiungo usikwame.

Hesabu ya chumba cha mita 3.6 kwa 4.2: eneo ni mita za mraba 15.12, ongeza asilimia 10 ya vipande vya kukata, unapata 16.63. Boksi la mbao 8 za milimita 1215 kwa 195 lina takriban mita za mraba 1.9, kwa hiyo ni maboksi 9. Skatingi, ule ubao mwembamba wa kuzungushia chini ya ukuta, ni mita 14.8 ukiondoa mlango wa sentimita 80, yaani vipande 7 vya mita 2.4.

Hela iliyookolewa kwenye unene iende chini ya mbao. Bandika nailoni ya mita moja ya mraba kwenye saruji, ziba kingo zote kwa gundi ya utepe, acha siku mbili. Ukikuta matone au saruji imebadilika rangi, sakafu haijakauka, subiri. Hata ikiwa kavu, tandaza nailoni ya milimita 0.2, ipishane sentimita 20, ndipo ifuate sponji ya milimita 2 au 3. Usirundike sponji mbili ukidhani unaongeza ulaini. Mbao zitabonyea kila hatua na kufuli zitakatika. Mabonde hurekebishwa kwa saruji: weka rula ya aluminiamu ya mita 2, na panapopita nafasi ya milimita 3 pajazwe.

Maboksi yalale chumbani saa 48 yakiwa yamefungwa. Acha milimita 10 kila ukuta, na kwenye nguzo na fremu za mlango vilevile. Mafundi wengi wanabana hadi ukutani ili ipendeze. Ikija masika mbao zinavuta unyevu, zinatanuka, zinakosa pa kwenda, na katikati sakafu inainuka mgongo. Hilohilo hutokea skatingi ikipigiliwa misumari kwenye mbao badala ya ukutani, au kabati zito la kujengea likikaa juu yake. Viungo vya ncha vipishane angalau sentimita 30. Upana wa mita 3.6 unakupa safu 18 kamili na ya mwisho ya milimita 70, inatosha. Ingebaki chini ya 50, ningepunguza ya kwanza. Nyundo isiguse ubao, gonga kwa kipande cha mbao katikati.

Kudeki kwa ndoo ndiko kunakoimaliza. Kitambaa kikamuliwe hadi kisidondoshe, na maji yaliyomwagika yafutwe papo hapo, hasa kama kingo zina mfereji, kwa kuwa hapo ndipo yanapotulia. Jikoni na bafuni weka vigae.

Mbao zinazobaki zilaze chini ya kitanda, usiziegemeze ukutani zikapinda. Mwaka ujao toleo lile huenda halipo sokoni.